Notisi fupi iliyotuchachishia zabibu

Fuso lilifika saa kumi na moja alfajiri, Alhamisi moja ya Machi 2019, na shambani hapakuwa na hata kichala kimoja kilichokatwa. Dereva alipiga honi mara tatu mbele ya ofisi ya kikundi. Mbwa wakabweka. Mimi, katibu, nikatoka na shuka mabegani nikidhani ni wafanyabiashara wa ng'ombe waliopotea njia. Akashusha kioo akaniuliza mzigo uko wapi. Mzigo ulikuwa unaning'inia kwenye mizabibu, umelowa umande.

Siku tatu kabla ya hapo mnunuzi alikuwa ametutumia ujumbe wa simu. Sisi tuko kandokando ya barabara ya Iringa, kusini mwa Dodoma mjini, na zabibu zetu nyingi huishia kwenye mvinyo. Afisa ununuzi wa mnunuzi yule alikuwa mgeni, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo ujumbe ulikuja kwa Kiingereza: "We may have to collect at short notice. The truck will be with you before long."

Kwenye kikundi msomaji wa Kiingereza nilikuwa mimi. Nina kidato cha nne, na cheo cha ukatibu nilikipata kwa sababu hiyo hiyo. Nikawaita wenzangu chini ya mwarobaini nikawasomea, kisha nikatafsiri bila kusita: "Wanasema kabla ya kuja watatuletea notisi fupi. Ila gari lenyewe bado sana, ni la baadaye."

Notisi kila mtu aliijua. Kuna notisi ya mwenye nyumba, kuna notisi ya mtendaji kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Notisi fupi basi itakuwa karatasi yenye mistari miwili. Tukakaa kuingoja karatasi.

"At short notice" maana yake ni kwa ghafla. Kinachofupishwa pale si maandishi, ni muda ulio kati ya taarifa na tukio. Mtu anakwambia leo, kesho yuko mlangoni. Wengine huandika "on short notice", hasa Wamarekani, na maana ni ile ile. Na "before long" haina uhusiano wowote na baadaye sana. Ni muda si mrefu, hivi karibuni. Mimi nililiona neno "long" likanijaa machoni, "before" nikaipita kama mtu anayepita kituo usingizini. Ujumbe wa sentensi mbili, na zote mbili nilizigeuza zikatazama zilikotoka.

Dereva alitungoja mpaka saa nne. Tulikata kama watu wanaozima moto, watoto wakabeba kreti badala ya kwenda shule, na bado fuso liliondoka nusu tupu. Baada ya hapo tukafanya kosa la pili, ambalo halikuwa la lugha: tuliendelea kukata tukiamini litarudi. Halikurudi. Zabibu ikishakatwa na jua la Dodoma likaipata, haikupi siku nyingi. Tulizikamua tukaweka mchuzi wa zabibu kwenye matangi, na aliyewahi kuuza mchuzi anajua namna wanunuzi wanavyokuwa wakali wa bei wanapojua huna pa kuupeleka. Mama mmoja ambaye ekari yake nzima iliingia kwenye tangi aliniuliza mbele ya watu, bila kupaza sauti: "Katibu, hicho Kiingereza chako ulikisomea usiku?"

Jioni ile nilikwenda kwa Mwalimu.

Mwalimu alifundisha Kiingereza sekondari mpaka alipostaafu, akarudi kijijini kulima karanga na mizabibu michache. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua karanga. "Mbukwa, Mwalimu." "Mbukwa, kijana wangu. Nimesikia." Habari za kijijini hazihitaji mtu wa kuzipeleka. Nikampa simu. Akasoma ule ujumbe, akausoma tena, wala hakucheka, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi kuliko angecheka.

Akanituma ndani nilete kamusi ya Kiswahili, akaniambia nimtafutie neno refu. Nikalipata. "Limeandikwaje?" Limeandikwa "-refu", na kistari mbele. Akasema kistari kile ndicho somo lote la siku hiyo. Kwetu sifa haitembei peke yake, inasubiri nomino iiletee kiambishi: mtu mrefu, kisu kirefu, kamba ndefu, maisha marefu. Ukisema "refu" tupu, msikilizaji atakuuliza: nini hicho? "Long" ya Kiingereza haina kistari. Haibadiliki kwa mtu wala kwa kamba, na kwa kuwa haidai nomino iilete, mahali pengine wenyewe wameizoesha kukaa kwenye kiti cha nomino. Kihusishi kama "for" au "before" kwa kawaida kinataka nomino baada yake. Katika "for long" na "before long" nomino haipo. Neno "muda" limemezwa, na sifa imekalia kiti chake.

Nikafurahi, nikadhani nimepewa ufunguo. Nikaanza kumjaribishia: basi "after long" ni baada ya muda mrefu? Hapana, hakuna. Husemwa "after a long time". "In long"? Hakuna. "In short" ipo. "With short"? Hakuna. Nikamuuliza kwa nini "before long" iruhusiwe na "after long" ikataliwe, maana kabla na baada ni ndugu. Akanijibu kwamba hakuna kikao kilichokaa kuamua. Watu walizoea hizi, hawakuzoea zile, basi. Kisha akaniuliza: "Wewe ukiingia shambani unakata kichala au unachuma punje?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonikuta. Shuleni tulipewa maneno punje punje. Ubaoni kulikuwa na safu mbili: upande huu Kiingereza, upande ule Kiswahili. "Long", ndefu. "Short", fupi. "Tall", ndefu tena. Tuliimba safu hizo mpaka zikakaa kichwani, na sikumbuki siku hata moja tulipopewa neno likiwa na jirani zake. Simlaumu aliyetufundisha. Darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani, shule ya msingi tulisoma yote kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza ndani ya likizo moja. Safu mbili zilikuwa njia ya kutuvusha. Ila zinakuvusha na kukuacha ng'ambo bila ramani.

Na zile safu zilikuwa zimeshaniumbua kabla ya fuso, sema sikujua. Miaka miwili nyuma niliandika barua ya kuomba msaada wa maji. Kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa mwaka na ikifika Mei imekwisha, na maji ya kutegemewa ni ya chini sana ardhini. Hata jiji lenyewe linakunywa maji ya visima virefu vya Makutupora. Sasa mimi nikaandika tunaomba "one long well". Mwalimu aliponisikia nikisimulia hayo ndipo alipocheka, akaweka ungo wa karanga chini. "Umeomba kisima kilicholazwa chini kama bomba." Kwa Kiingereza kisima kirefu ni "deep", mtu mrefu ni "tall", kamba ndefu ndiyo "long". Neno letu moja linafanya kazi ya maneno yao matatu, na wala sioni kuwa ni upungufu wetu: sisi tunapima umbali kati ya ncha mbili, ziwe zimesimama, zimelala au zimezama. Wao wanataka kwanza kujua kitu kimekaaje.

Vipimo navyo vina mpangilio wao. Sisi twasema kisima chenye urefu wa mita mia. Wao huweka kipimo kwanza, sifa ikafuata nyuma: "100 metres deep". Ukitaka kutumia kihusishi, sifa inabidi ivue nguo yake ivae ya nomino: "100 metres in depth". Huwezi kusema "in deep" kwa maana hiyo. Mwalimu alinionyesha jinsi nomino hizo zinavyoshonwa: "long" ikazaa "length", "wide" ikazaa "width", "deep" ikazaa "depth". Nikamuuliza ya "short". Akasema hiyo haikufuata dada zake, imepewa mkia mwingine, "shortness", nayo husikika mara chache. Hadi leo nikiliona neno "short" namwonea huruma kidogo kama mtoto aliyerukwa kwenye kugawa sare.

Kosa linalonifurahisha zaidi kulikumbuka lilitokea baada ya masomo hayo kuanza, nilipokuwa tayari najiona mjanja. Mnunuzi alikuja na watu wake tukafanya kikao cha kusawazisha mambo. Mwenyekiti wetu alisema maneno machache ya ukarimu, akakaa. Mimi niliandika muhtasari kwa Kiingereza na kuutuma. Nilitaka kusema Mwenyekiti hakuzungumza kwa muda mrefu. Nilishajua kwamba muda mrefu ni "a long time", nikaandika: "The chairman did not speak for a long time."

Siku ya pili nikapigiwa simu. Yule afisa, kupitia kijana aliyekuwa anamtafsiria, aliuliza kwa upole kama Mwenyekiti bado ana kinyongo. Sikuelewa kinyongo kimetoka wapi. Mtu aliyewakaribisha, akawapa hadi zabibu za kula njiani!

Nikaenda kwa Mwalimu na nakala. Akaipigia mstari "a". Ile herufi moja, akasema, imemfanya Mwenyekiti anyamaze. "He did not speak for long": alizungumza, ila kidogo. "He did not speak for a long time": kwa kawaida mtu atasoma kwamba alikaa kimya kitambo kirefu, hakutoa neno. Katika ya kwanza kanusho linaangukia urefu wa muda; kuongea kulikuwepo, urefu ndio haukuwepo. Katika ya pili kanusho linaangukia kuongea kwenyewe, na ule muda mrefu unakuwa ni muda wa kimya. Kwa hiyo kule kwa mnunuzi walisoma kwamba Mwenyekiti wetu alikaa mbele yao amefunga mdomo kama aliyetukanwa.

Nililala nikiwaza hilo, nikagundua jambo ambalo Mwalimu hakuwa amelisema. Sentensi yangu ya Kiswahili nayo ina matumbo mawili. "Mwenyekiti hakuzungumza kwa muda mrefu." Isome polepole. Inaweza kuwa alizungumza kidogo, na inaweza kuwa alinyamaza kitambo. Sisi tunaokolewa na sauti, na sura ya msemaji, na kule kujua Mwenyekiti ni mtu wa namna gani. Tukitaka kuondoa utata tunasema hakuzungumza sana, au alikaa kimya muda mrefu. Wao utata huo wameukata kwa kutoa "a" na "time" wakaacha "long" peke yake. Kile nilichokuwa nakiona ni uvivu wa kumeza nomino, kumbe kinafanya kazi.

Nilipomweleza Mwalimu alinitazama kwa muda, mrefu kweli, halafu akasema: "Sasa umeanza kusoma."

Kuna tabia nyingine ya "for long" ambayo bado inanitega. Inapenda kukaa kwenye swali na kwenye kukanusha. "Did you wait for long?" ni sawa. "We did not wait for long" ni sawa. Lakini ukithibitisha tu, ukasema "We waited for long", wenye lugha yao watakuelewa ila sikio lao litakwaruzika. Wanataka "for a long time". Ukiongeza neno la kuzidisha inakubalika tena: "for so long", "for too long". Mimi nasikia "I have stayed here for long" kila siku, kwenye hotuba na kwenye barua za maombi ya kazi, na huenda siku moja ikawa Kiingereza chetu halali. Kwenye barua ya biashara naiepuka, kwa sababu sitaki mtu asome lugha yangu badala ya kusoma bei yangu.

Mdogo wangu ndiye aliyeniletea lile la "kwa kifupi". Wakati huo alikuwa anaandika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, nayo ilianza: "I study at the University of Dodoma, in short UDOM." Alinipa niisome kwa kuwa sasa nilishapata sifa ya mtu aliyeumizwa na Kiingereza akapona. Kiswahili hapo hakina tatizo: Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa kifupi UDOM. Na pia tunasema: kwa kifupi, hatukubaliani. "Kwa kifupi" yetu ni moja. Yao ni mbili. Kufupisha jina ni "for short", nayo hukaa nyuma ya jina: "UDOM for short". Kufupisha maelezo ni "in short", nayo hukaa mbele ya sentensi: "In short, we do not agree." Nilimtengenezea kipimo cha kienyeji, ambacho Mwalimu hakukipinga: kama kinachofupishwa unaweza kukipigia mhuri, tumia "for short", kama unaweza kubishana nacho, tumia "in short".

Kisha akaniuliza swali la haki kabisa. Kama kwa kifupi ni "in short", kwa kirefu si "in long"? Ndipo nikamwambia kwa sauti ya Mwalimu kwamba hiyo haipo, kwa kirefu ni "at length". "We discussed the price at length", tulijadili bei kwa kirefu. Huko sifa imekataa kukaa kwenye kiti, imempeleka mwanawe, nomino. Nikaongeza, kwa sababu ya kujionyesha, kwamba kwenye hadithi za zamani "at length" inaweza kuwa na maana ya hatimaye, baada ya kitambo. Akasema inatosha, kaka, mimi naomba nafasi tu.

Zingine nilizipata njiani bila kuumia sana. "In the long run" niliwahi kudhani inahusu mbio ndefu, kumbe ni mwisho wa yote, baada ya muda mwingi kupita. Nimeikuta kwenye makala za bei za mazao mpaka nimeizoea. "Short of" ni kupungukiwa: "We are short of crates." Hii niliipenda tangu mwanzo kwa kuwa kreti tunapungukiwa kila msimu, na neno ukilitumia kwa shida ya kweli linakaa. "At long last" ni hatimaye ya mtu aliyechoka kungoja.

Nikizitazama sasa, naona kwamba kila niliposhindwa nilikuwa natafuta Kiswahili cha neno moja, na kila nilipofaulu nilikuta Kiswahili tayari kina kichala chake. "Before long" ni muda si mrefu. Huwezi kuipata kwa kutafsiri "before", halafu "long". Unaipata kwa kujiuliza bibi yangu angesemaje hapa. Bibi yangu, ambaye Kiswahili chenyewe alikijia ukubwani akitoka kwenye Kigogo, angesema "punde si punde". Angepatia kuliko mimi.

Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Msimu wa pili wa mwaka ule ulipofika, katikati ya Agosti, mnunuzi yule yule alituma ujumbe. Sikuita kikao chini ya mwarobaini. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwenyekiti, nikamkuta anafunga mbuzi, nikaanza kumsomea Kiingereza kama kilivyo ili nikitafsiri baadaye asiseme nimepunguza. Kiingereza hajui, lakini tangu Machi kuna neno moja analijua kwa sura na kwa sauti. Hakungoja nimalize.

"Katibu, ile *short* imo?"

"Imo, Mwenyekiti."

Akaniachia kamba ya mbuzi mkononi, akaenda kutafuta mikasi na kreti.